Unalipwa Kutema?

Sisi Wachagga wa rika langu karibu wote tumesomeshwa na kahawa, na karibu wote tumekua bila kuinywa. Kwetu Uru, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, kilichochemka jikoni asubuhi kilikuwa chai ya maziwa au uji wa ulezi. Mtori, supu ya ndizi na nyama, ulipikwa nyumba ikiwa na mzazi, na sisi wakubwa tukamshukuru mtoto mchanga kwa kuja. Kahawa haikuwa chakula. Ilikuwa karo, bati, sare za shule, deni la dukani na nguo mpya za Krismasi. Ilichumwa, ikamenywa, ikavundikwa, ikaoshwa, ikaanikwa, ikabebwa kichwani mpaka chama cha msingi cha ushirika, na huko ndiko ilikoishia kwa macho yetu. Mtu ambaye angeikaanga na kuinywa angeonekana anatafuna noti.

Leo naishi mjini Moshi kwa kazi hiyo hiyo ya kuinywa. Mimi ni mwonjaji wa kahawa. Vijana wanaokuja kujifunza huniuliza nilisomea wapi, na ninawapenda kwa swali hilo, kwa sababu jibu lake linanirudisha nyumbani. Vyeti ninavyo, nilivipata baadaye. Kusoma kwenyewe nilisomea kihambani, shamba letu la nyumbani, miaka ya 1980, nikidhani ninatumwa tu.

Kihamba chetu si kikubwa. Juu kabisa kuna mringaringa na msesewe, ule mti ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na maharage. Pembeni unapita mfongo, mfereji waliouchimba wazee wa wazee wetu kuvuta maji kutoka korongoni, na zamu ya maji ya kila nyumba inajulikana bila kuandikwa popote. Kahawa yenyewe ni mgeni aliyekaribishwa: wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, wenyeji wakaichukua wakaifanya yao, na ilipofika 1933 wakulima wa mlimani walikuwa tayari na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Baba alizungumza habari za chama hicho kwa sauti ile ile aliyotumia kuzungumza habari za kanisa.

Aliyeijua kahawa nyumbani, lakini, alikuwa bibi. Kazi ilikuwa ya wanawake na watoto, pesa ikawa ya wanaume. Ndivyo ilivyokuwa karibu nyumba zote nilizozijua, na nalisema wazi kwa kuwa hadi leo linaniuma.

Matunda yalipoanza kuiva, kuanzia Julai hivi, Jumamosi zetu zilikwisha. Tulifunga vikapu kiunoni tukaingia kati ya mibuni, na sheria ya bibi ilikuwa moja: jekundu tu. Ukichuma la kijani, au lile lenye rangi mbili linalojifanya limeiva, alilitoa kikapuni akaliweka kwenye kiganja chako bila kusema neno. Wewe mwenyewe ulijua. Hakutukataza kufyonza matunda mabivu, ilimradi punje zirudi kikapuni. Tunda la kahawa lililoiva lina ganda laini na utelezi mtamu, utamu mwepesi usiokaa mdomoni, na si wa mti mmoja na mwingine sawasawa. Kulikuwa na mbuni karibu na mfongo ambao wote tuliugombania. Kulikuwa na mwingine nyuma ya zizi ambao matunda yake yalikuwa na ukali kidogo mwishoni, na kaka yangu aliupenda huo kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Tulijua miti yetu kwa ulimi. Hakuna aliyetufundisha, na hakuna aliyetuambia kwamba huo ni ujuzi.

Jioni tulikwenda kumenya. Mashine ya mkono ilikuwa kwa jirani, na msimu ulipokolea kulikuwa na foleni. Mmoja anamimina matunda na maji, mwingine anazungusha, maganda yanatokea huku, punje zinateleza kule. Halafu punje zinalala kwenye ndoo au sanduku, zimefunikwa majani ya mgomba, zivundike mpaka ule utelezi ulegee. Usiku mmoja, au miwili kukiwa na baridi. Hapa ndipo bibi alipokuwa fundi kweli. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akakamata punje, akazisugua, akaniambia nami niingize wangu. "Sikiliza," alisema. Zikiwa bado, zinateleza kimya. Zikiwa tayari, zinakwaruzana kwa sauti ya kokoto. Ukichelewa hapo, harufu inageuka, inakuwa ya kitu kilichochacha, na bibi aliitambua kabla hajafunua majani. Tuliosha kwenye maji ya mfongo, tukatoa zile zinazoelea, tukaanika kichanjani.

Kazi ya kichanja ilikuwa kukimbia. Mvua za mlimani hazipigi hodi. Shuleni, mwalimu akiona wingu linashuka kutoka kilele cha Mawenzi alitufungulia mlango wenyewe, maana naye kahawa yake ilikuwa kichanjani. Mlima mzima ulikimbia. Mvua ikishupaa siku nyingi, watu walipandisha kahawa darini, juu ya moto wa jikoni, ikauke kwa joto la kuni. Magunia yakikaa ndani yalikaa na kila kitu kilichokuwa ndani: debe la mafuta ya taa, jembe, mbuzi waliolala upande wa pili wa ubao, pipa la mbege ikiwa kuna shughuli. Nililala karibu na magunia hayo nikiwa mdogo. Harufu ya gunia la katani lenye kahawa kavu, na koroboi limezimwa sasa hivi, mimi naweza kuiita hapa nilipo ikaja.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2000. Mwaka uliofuata bei ya kahawa duniani ilianguka kuliko ilivyoanguka kwa miongo mingi. Vietnam ilikuwa imejaza soko robusta, aina ya kahawa ya bei ya chini, Brazil nayo inavuna kwa wingi, na sisi huku juu tunaochuma tunda moja moja kwa kidole tukalipwa pesa ambayo kwa nyumba nyingi haikurudisha hata gharama ya mrututu, dawa ya kupulizia magonjwa ya mibuni kama kutu ya majani na chulebuni. Sheria ilikataza kung'oa mibuni, lakini watu wakaiacha ijifie polepole, wakaweka nyanya, mahindi, ndizi za kuuza mjini. Ni katika mwaka huo huo ambapo rafiki wa baba, dereva wa malori ya kahawa, alikuja na habari kwamba kampuni moja inayonunua kahawa mnadani inatafuta karani wa sampuli.

Baba aliinyamazia ile habari muda mrefu. "Watu wanatoka, wewe unaingia?"

Mama ndiye aliyemjibu. "Anayeingia wenzake wakishuka hupata pa kukaa."

Baba alicheka, na kwa kicheko hicho ruhusa ikawa imepatikana. Nikashuka mjini nikakaa kwa shangazi, Majengo.

Karani wa sampuli ni mtu wa vibandiko. Kahawa ikishakobolewa kiwandani na kupangwa kwa ukubwa, yaani AA, A, B, PB na nyinginezo, sampuli ya kila mzigo huletwa kwa wanunuzi kabla ya mnada, waikaange, waionje, waamue watatoa kiasi gani. Mimi nilipokea vifuko, nikaandika namba, nikapima, nikaosha vikombe. Namba tu ndizo ziliingia mezani. Mwonjaji hapaswi kujua kahawa imetoka wapi, asije akaipendelea kwa jina la kijiji.

Mwonjaji wetu mkuu alikuwa mzee wa Machame aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1960. Wote tulimwita Meku, yaani mzee kwa Kichagga, hata bosi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kijiko chake cha kuonjea kilikaa mfukoni kimefungwa kwenye leso. Hakikushikwa na mtu mwingine. Nilimwamkia asubuhi ya kwanza, "Shikamoo, Meku," akaitikia, akaninusa. Si kwa kunivunjia heshima. Aliinamisha kichwa kidogo upande wangu, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mafuta yako yananukia vizuri sana. Kesho yaache nyumbani." Nilifikisha ujumbe huo kwa shangazi, aliyekuwa amenipa mafuta hayo kama zawadi ya kuanza kazi. Shangazi aliuliza ni kazi gani hiyo inayomtaka msichana asinukie. Baadaye ikabidi nimweleze habari za pilipili na kitunguu saumu, ambavyo navyo huziba ulimi. Hapo aliweka mwiko chini. Dagaa za shangazi bila pilipili! Lakini tangu siku hiyo aliipika pilipili kwenye sufuria yake peke yake, na wageni wakija aliwatangazia kwamba nyumba hii ina mtu ambaye ulimi wake ni wa ofisi.

Meza ya kuonjea inafanya kazi hivi. Kahawa inakaangwa kidogo tu, isiungue, ili isifiche kitu. Inasagwa. Inapimwa, gramu 8 na kitu kwa mililita 150 za maji, vikombe vitano kwa kila sampuli, kwa sababu ubovu unaweza kujificha kwenye punje moja na ikaharibu kikombe kimoja kati ya vitano. Unanusa unga mkavu. Unamimina maji yaliyotoka kuchemka, unasubiri dakika 4, unga unapanda juu na kufanya utando. Kisha unainama mpaka pua inakaribia kugusa, unausukuma utando kwa mgongo wa kijiko, na harufu yote inatoka kwa mara moja. Hiyo ndiyo nafasi kubwa ya siku. Halafu unangoja ipoe kidogo, unachota, unavuta.

Kuvuta ndiko kulikonipa tabu ya furaha. Mama alitulea kwamba mtoto akivuta uji kwa sauti amekosa adabu, na kofi lilikuwa karibu. Hapa Meku, mzee wa kanisa, alivuta kahawa kwa mlio wa kupasua kitambaa, akanitazama, akasema "Kwa nguvu!" Sababu yake ni ya kweli. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha huingia kwa pua, kwa njia ya nyuma ya koo. Ukinywa kwa adabu, kahawa inapita chini. Ukiivuta kwa nguvu inatawanyika, inafunika ulimi wote, inapanda juu kwenye pua, na ndipo inapoanza kusema. Ukimaliza unatema, kwa kuwa vikombe ni vingi na moyo ni mmoja.

Nilipopanda nyumbani kwa mara ya kwanza baada ya kupata mshahara, bibi alitaka kujua wajukuu wake wanafanya nini mjini. Nilimweleza kwa kirefu kuhusu vikombe, kuvuta na kutema. Alinikatiza.

"Unalipwa kutema?"

"Ndiyo, bibi. Naandika pia."

Akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akakaa, akafikiri. Kwetu, wazee wakitaka kumbariki mtu humtemea mate kidogo, au mbege. Bibi alikuwa amewabariki watoto wengi hivyo. Akaniambia, "Basi ni kazi ya wazee wamekupa. Itende vizuri." Nimepewa vyeti na watu wa nje ya nchi, vimo ukutani. Maneno hayo ya bibi ndiyo niliyoanza nayo kazi.

Niliingia mezani kwa mlango wa pua. Wakati huo bado nilikuwa wa vibandiko na kuosha vikombe. Asubuhi moja nilikuwa napita na trei, Meku na mwenzake kijana wakibishana juu ya sampuli. Kijana alikuwa amefunzwa vizuri na alikuwa na orodha ya kasoro zote kwenye karatasi. Alisema kuna kitu kama dawa, kama plastiki. Harufu ilinipitia puani nami nikasema bila kuombwa, "Hii imelala na mafuta ya taa."

Walinyamaza wote wawili. Meku akanisogezea kikombe. Nikanusa, nikaeleza: si koroboi linalowaka, hiyo ingekuwa na moshi, haya ni mafuta kwenye debe, yamemwagika kidogo sakafuni, gunia likakaa juu yake. Meku akasogeza kingine, kutoka sampuli nyingine iliyowasumbua. Hii ilikaushwa darini, nikasema, na kuni zilikuwa mbichi. Cha tatu kilikuwa na uchachu; nilijua ile ndoo iliyofunuliwa siku moja baada ya siku yake, harufu ile ambayo bibi aliisikia kabla ya kuondoa majani. Cha nne kilikuwa na ukakasi wa majani mabichi, na hapo kiganja changu kilikumbuka kabla ya ulimi. Matunda ya kijani.

Meku hakunisifu. Aliniuliza, "Kwenu ni wapi?" Nikamwambia Uru. Akaitikia kwa kichwa, akamwambia bosi mchana huo huo atafutwe karani mwingine wa vibandiko.

Ninachokiamini tangu siku hiyo ni hiki, na nimekisema mbele ya wakubwa wa kahawa bila kupunguza neno. Kila kasoro iliyoandikwa kwenye ile karatasi ilikuwa nyumba niliyowahi kuingia. Moshi, mafuta, koga ya gunia lenye unyevu, udongo wa kahawa iliyoanikwa chini, uchachu: wanawake wa mlimani wanazijua harufu hizi zote vizuri kuliko mtu yeyote. Wasichokijua ni kwamba zinafika kwenye kikombe, na kutoka kwenye kikombe zinarudi kwao zikiwa bei. Hakuna aliyewaambia. Kahawa ya mama ilichanganywa na ya wengine pale chamani, malipo ya kwanza yakaja, ya pili yakachelewa, na yakija pungufu baba alisema ni soko. Wakati mwingine kweli lilikuwa soko. Wakati mwingine lilikuwa dari.

Mafunzo yangu kwa Meku yalikuwa marefu na mengi yake yalikuwa ya kula. Alisema mtu hawezi kutambua mdomoni kitu ambacho hajawahi kukila, basi Jumamosi alinituma soko la Mbuyuni na pesa yake mwenyewe, ninunue kimoja kimoja cha kila tunda lililopo. Zambarau, matopetope, mapera, pesheni, ukwaju, machungwa mabivu na yasiyoiva. Tulikata vipande tukala tumefumba macho. Kahawa nzuri ya mlima huu ina uchangamfu mdomoni, ule ukali wa tunda unaofanya mate yatoke, na ndani yake mara nyingi nilikutana na pesheni, mara nyingine utamu wa muwa. Wanunuzi wa nje walitaja matunda yao, sisi tukataja yetu, na tulipolinganisha alama tulikuwa tunasogeleana sana. Japani wanaipenda mno. Huko jina Kilimanjaro ni jina la kahawa ya Tanzania dukani, hata ile iliyotoka mbali na mlima. Nilimwambia baba hilo. Kwa wiki nzima alisalimia watu kwa kuwapa habari kwamba Wajapani wanaijua Uru.

Jambo moja lilimshangaza baba zaidi ya Wajapani. Yeye, na wanaume wenzake wote, waliamini AA ndiyo kahawa tamu na zilizobaki ni makombo. Nilimweleza kwamba herufi zile ni ukubwa wa punje tu, matundu ya chekecheke, na kwamba PB, ile inayotoka kwenye tunda lililobeba punje moja ya mviringo badala ya mbili, inaweza kuishinda AA mezani. Alinitazama kwa huruma. Hakubishana na mtoto aliyesoma, lakini hakukubali pia.

Wazo la kuwaleta kina mama mezani lilikuwa la Meku na mimi pamoja. Ilikuwa miaka michache baadaye, bei imeanza kuinuka, wanunuzi wanauliza kahawa ya alama 80 na zaidi katika 100, na chama cha kwetu kinatafuta soko la peke yake. Bosi alikubali, mradi isiwe siku za karibu na mnada. Wakashuka na Hiace asubuhi, wamefunga khanga zao nzuri, mama yangu na shangazi zangu na majirani, na mkungu wa ndizi kwa ajili ya Meku. Wengi wao walikuwa wamechuma kahawa tangu hawajaanza shule na hawajawahi kuionja imekaangwa.

Tuliweka sampuli nne bila majina. Moja ya matunda mekundu matupu, moja iliyochanganywa na ya kijani, moja iliyovundikwa ikapitiliza, moja ya darini. Nikawaonyesha kunusa, kuvuta na kutema. Kuvuta walikuelewa haraka, na mama yangu, yule wa makofi ya uji, alivuta kwa mlio uliomfanya Meku apige meza kwa furaha. Kutema wakakataa. "Kitu chetu wenyewe tukiteme?" aliuliza mama mmoja, na wote wakamuunga mkono, wakameza. Niliwaonya kuhusu usingizi. Walisema wao wamelea watoto, usingizi hauwatishi.

Halafu wakaanza kazi. Haikuwachukua muda. Ya kijani waliitambua kabla sijamaliza kuzunguka meza. Ile iliyopitiliza walimtaja mwenye ndoo ya namna hiyo kijijini, kwa jina, na ikabidi tucheke kwanza ndipo tuendelee. Walipofika kwenye ya darini walitulia. Mama alinusa mara nyingine, akauliza taratibu, "Hii inapunguza shilingi ngapi?"

Meku alimjibu yeye mwenyewe, kwa heshima zote, "Mae, hii sisi tukiinusa hatunyanyui kijiko." Akawaeleza jinsi mzigo wenye moshi unavyowekwa pembeni kabla ya Alhamisi ya mnada, au unavyonunuliwa kwa bei ya chini ukachanganywe. Wakaanza kuuliza, na maswali yao yalikuwa makali kuliko ya wanunuzi. Kwa nini chama kinapima kilo tu na hakinusi? Kwa nini anayechuma vizuri analipwa sawa na anayekamua tawi zima? Nani alijua haya tangu zamani na hakusema? Mimi niliandika yote, na orodha ile ndiyo nilikwenda nayo chamani, nikakaa nayo mikutano mingi mpaka likaamuliwa jambo la kupokea matunda mekundu peke yake, yamenywe mahali pamoja na wote waone.

Asubuhi iliyofuata mama alinipigia simu kwa ya jirani. Hakuna aliyelala. Yeye alikuwa amefagia uwanja usiku, shangazi mmoja ameshona mashuka yote, na kina mama watatu wamekutana mfongoni alfajiri wakaamua kuusafisha. "Mwambie Meku kesho tutatema," alisema.

Kilichobadilika nyumbani kwetu kilibadilika hivyo, kupitia kikombe. Mama alihamisha debe la mafuta ya taa. Dari likabaki la mahindi. Akanunua turubai jeusi la kufunikia kichanja, kwa pesa yake, na hilo lilizungumzwa. Akaweka pia sheria yake, kali kuliko ya bibi: anayechuma ya kijani, itamenywa peke yake, itakaangwa, na ataimaliza kikombe kizima bila sukari mbele ya watu. Wajukuu waliposikia hilo walianza kuchuma kwa kuchagua. Mpaka leo aliyeinywa ni baba peke yake. Aliinywa amesimama, akarudisha kikombe, akasema hana hakika, lakini anahisi ilikuwa AA.